Naomba ushauri: kufuatilia barua pepe zinazokwama kwenye foleni ya Postfix

Wakuu, habari za kazi. Nasimamia seva ya barua pepe ya ofisi, inatumia Postfix (programu ya kupokea na kutuma barua pepe). Kinachonisumbua ni barua zinazochelewa kimyakimya: mhasibu anatuma ankara, kwake inaonekana imeenda, kumbe imelala kwenye foleni tangu jana. Anayetushtua ni mteja, na hilo linaniuma kwa sababu malipo ya watu yanasubiri.

Kwa kawaida Postfix huendelea kujaribu hadi siku 5 ndipo iirudishe barua kwa mtumaji, na onyo la kuchelewa haitumi mpaka uwashe mpangilio wa delay_warning_time. Nafikiria kuweka onyo litoke barua ikichelewa kwa muda wa saa 4. Je, watumiaji hawatachanganyikiwa wakaanza kutuma barua ileile upya?

Halafu mailq (amri inayoorodhesha barua zilizo kwenye foleni) naichungulia mwenyewe, nikikumbuka. Nataka skripti isome foleni hiyo kwa amri ya postqueue -j kila dakika 5 na kunitumia SMS (isipitie seva hiyohiyo, jamani). Ila ipime nini: idadi ya barua, au umri wa iliyokaa zaidi? Naegemea umri. Siku tukituma matangazo kwa wateja idadi hupanda bila tatizo lolote, na zipo seva zinazoikataa barua mara ya kwanza kwa makusudi, kwa msimbo wa 450 (yaani “jaribu tena baadaye”), kisha zinaipokea ikirudi. Amri ya qshape deferred inanionyesha kikoa kipi kimekwama, lakini haipigi kengele.

Mnaotumia Zabbix au Prometheus (programu za kufuatilia hali ya seva), mmeweka kikomo cha dakika ngapi?