Mdogo wangu anajinyima maji ili asilowane: ataanzaje mazoezi?

Swali, kutoka kwa dada wa Nkuhungu, Dodoma

Habari za humu ndugu zangu. Mdogo wangu wa kiume alianguka kutoka juu ya mbuyu mwaka juzi akiangua ubuyu, na uti wake wa mgongo ukaumia kwenye pingili ya 12 ya kifua. Mikono ni mizima kabisa, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini hana nguvu wala hisia. Tangu aliporuhusiwa kutoka hospitali anashinda chini ya mwarobaini uani, nasi tunamfanyia kila kitu, hata kikombe tunamsogezea. Sasa amesema anataka kuurudisha mwili wake: afanye mazoezi, na asukume mwenyewe kiti mwendo chake kutoka nyumbani hadi sokoni. Nimefurahi sana, ila kinachonitia wasiwasi ni kwamba hanywi maji. Akijua kesho kuna kutoka, hata kama ni kwenda kanisani tu, anaanza kujinyima tangu jioni kwa kuogopa kulowana kwa mkojo mbele za watu. Kwa jua hili la Oktoba, je, ni salama aanze mazoezi katika hali hiyo, na aanzie wapi?

Jibu la 1, mkazi wa Mpwapwa

Pole kwa uuguzi, dada. Mimi natumia kiti mwendo kwa mwaka wa 9 sasa, na kosa analolifanya mdogo wako nililifanya kwa muda mrefu. Niliamini kwamba nisipokunywa sitapata aibu, kumbe mkojo uliokolea ulikuwa unaniletea maambukizi kila baada ya muda mfupi, na homa ikija nalala wiki nzima bila kugusa kiti. Kwa kweli kilichonifunga ndani ni kibofu, wala si miguu.

Kilichonifungua ni muuguzi aliyenifundisha kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba unaoingizwa kwenye njia ya mkojo kila baada ya saa 4 hadi 6, baada ya kunawa mikono vizuri kwa sabuni. Nilianza na daftari: nimekunywa kiasi gani, umetoka kiasi gani. Akasema mkojo wa mara moja usizidi mililita 500, na ukizidi nifupishe muda. Maji nayagawa siku nzima, takriban lita 2, kisha napunguza jioni. Siku niliyokwenda sokoni peke yangu kwa mara ya kwanza, nilijitoa mkojo saa 1 asubuhi, na saa 5 nilikuwa nimerudi, suruali kavu. Sijui nikueleze vipi furaha ile. Mpeleke kwa muuguzi au daktari wa mkojo kabla ya jambo lingine lolote.

Jibu la 2, mtaalamu wa fiziotherapia, Dodoma mjini

Ndugu wa Mpwapwa ameanza panapostahili. Naongeza habari ya joto. Sehemu ya mwili iliyo chini ya jeraha haitoi jasho kama inavyopaswa, kwa hiyo mwili unapoa kwa shida, na mtu aliyejinyima maji huzidiwa upesi. Afanye mazoezi kabla ya saa 3 asubuhi, kivulini, akiwa na maji karibu na kitambaa kilicholowa cha kuweka shingoni.

Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2018 unapendekeza kwa uchache dakika 20 za mazoezi ya kuhemesha, mara 2 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu mara 2 kwa wiki, seti 3 kwa kila kundi la misuli inayofanya kazi. Vifaa vya gharama si lazima. Chukueni mpira wa ndani wa baiskeli, mfunge kwenye shina la huo mwarobaini, breki za kiti zikazwe, naye auvute kuelekea kifuani. Zoezi hili nalipenda kuliko mengine kwa sababu linaimarisha misuli ya nyuma ya mabega, na bega likiharibika kwa mtu wa kiti mwendo ni kama kupoteza mguu mara ya pili. Anaposukuma, asukume kwa misukumo mirefu na ya polepole, si kwa kudonoadonoa. Penye mchanga mwingi, msaidizi amgeuze na kumvuta kinyumenyume, maana magurudumu madogo ya mbele huzama.

Kwa wasomaji wengine ambao jeraha lao liko kwenye pingili ya 6 ya kifua au juu zaidi: kichwa kikianza kugonga ghafla huku uso ukitoka jasho, kaeni wima, legezeni nguo na mkague kibofu mara moja. Presha inaweza kupanda kwa hatari, na isiposhuka mwende hospitali bila kuchelewa.

Jambo la mwisho: je, mnamkagua ngozi ya makalio kila siku? Na anakalia nini?

Dada wa Nkuhungu

Asanteni sana. Anakalia tairi la ndani lililojazwa upepo, lenye tundu katikati. Baada ya kusoma swali lako tulimlaza na kuangalia kwa kioo. Upande wa kulia kuna wekundu wa ukubwa wa sarafu, na nikiubonyeza kwa kidole haufifii.

Mtaalamu wa fiziotherapia

Basi asikae juu ya sehemu hiyo mpaka wekundu uishe kabisa, dada, na leo au kesho aonwe kituo cha afya. Tairi liondoeni, kwa kuwa ukingo wake unabana damu kuzunguka tundu. Tafuteni mto wa sponji nene. Atakaporudi kwenye kiti ajiinue kwa mikono au ainame mbele kila baada ya dakika 15 hadi 30, akae hivyo kwa dakika moja au mbili, na usiku mgeuzeni kila baada ya saa 2. Mazoezi hayajasimama: alale kifudifudi, mto chini ya kifua, aanze na mpira ule ule wa baiskeli akiwa kitandani.