Ushauri: Nataka blokcheni na akili mnemba kuzuia barua pepe za kitapeli ofisini, nianzie wapi?

Mshale_Butu
Wakuu, habari za muda huu. Naomba ushauri wa haraka, matusi sitaki. Ofisini mimi ndiye mtu wa kompyuta, kwa hiyo kila kikiharibika kitu naitwa mimi. Mhasibu wetu amelipa ankara ya kitapeli, pesa imekwenda, na bosi anataka nisimame mbele ya bodi Ijumaa na suluhisho.
Wazo langu ni hili: kila barua inayotoka kwetu na kwa wasambazaji wetu ichukuliwe hashi (alama fupi ya kipekee inayotokana na maneno yake), hashi iandikwe kwenye blokcheni, lile daftari la pamoja lisilofutika, ikifika upande wa pili ilinganishwe. Halafu modeli iliyofunzwa kwa barua zetu za zamani isome lugha, saa ya kutumwa na viungo, itoe alama ya hatari.
Swali ni moja tu: nitumie Ethereum, blokcheni ya umma, au mnyororo binafsi wa ndani?

Fundi_Seva
Mkuu, kabla ya mnyororo wowote: SPF, DKIM na DMARC, zile kinga za kuthibitisha kama barua imetoka kweli kwa domeini inayojidai, mmeweka? DMARC yenu inakataa barua bandia au imekaa kwenye "none" inatazama tu? Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanaidai kwa anayetuma barua kwa wingi; Google inahesabu kuanzia 5,000 kwa siku. Ni mistari michache tu kwenye rekodi za domeini yako. Na hiyo barua ya kitapeli ilitoka anwani gani?

Mama_Mapacha2
Pole sana kaka. Hawa watu hawana aibu. Kaka yangu alitumiwa ujumbe "mama amezidiwa, tuma pesa kwa namba hii", na mama yuko pembeni yake anamenya maharage. Akamwonyesha. Mama akauliza, "Kwa hiyo utatuma au hutumi?"

Jongoo_wa_Mtandao
Watu wanadhani barua pepe na blokcheni vimekutana jana. Mwaka 1992 Cynthia Dwork na Moni Naor walipendekeza kompyuta ya mtumaji ilazimishwe kufanya hesabu nzito kidogo kabla barua haijatoka. Mwaka 1997 Adam Back akaja na Hashcash, mfumo wa hesabu za namna hiyo, lengo likiwa lilelile, barua taka. Satoshi Nakamoto, aliyebuni Bitcoin, sarafu inayoendeshwa kwa blokcheni, aliitaja Hashcash kwenye andiko lake la 2008. Kwenye barua pepe yenyewe haikushika, maana mtumaji taka anatumia kompyuta za watu alizoziteka, umeme analipa mwingine.
Na ukitumia Ethereum, kumbuka bloku moja (fungu la kumbukumbu) inakuja kila sekunde 12, na ukishaandika hufuti.

KasukuBubu
Nimekaa paleee, nasubiri bosi aulize pesa iko wapi aonyeshwe hashi.

Fundi_Seva
Mleta uzi, hujajibu. Anwani gani?

Mshale_Butu
Ya msambazaji wetu.

Fundi_Seva
Inayofanana na yake, au yenyewe?

Mshale_Butu
Yenyewe. Waliingia kwenye akaunti yake, wakajibu ndani ya mazungumzo yaleyale tuliyokuwa nayo, wakabadilisha akaunti ya benki tu. Sikuandika mwanzo kwa sababu haibadilishi swali langu.

Fundi_Seva
Inalibadilisha lote! Mwizi akiwa ndani ya akaunti, seva ya msambazaji inampa saini ya DKIM halali kabisa. Mfumo wako utachukua hashi ya uongo wake, utalinganisha, utasema "sawa", kisha utautunza milele. Blokcheni itakuhakikishia kwamba maneno hayakuguswa njiani. Haijui aliyekalia kiti ni nani.
Ukitaka daftari lisilofutika, weka humo akaunti za benki za wasambazaji, siyo barua. Badiliko lolote lidai saini mbili, na funguo zikae nje ya barua pepe. Hata hapo sarafu ya kidijitali haihitajiki. Certificate Transparency, daftari la wazi la vyeti vya tovuti, ilianza 2013, baada ya DigiNotar, kampuni ya Uholanzi iliyotoa vyeti hivyo, kuvamiwa 2011 na vyeti bandia kutolewa kwa jina lake. Ni daftari la kuongeza tu, limefungwa kwa hashi, na halina sarafu yoyote.

Mzee_Kanuni
Vijana mnapenda njia za mkato. Mhasibu makini asingelipa. Enzi zetu mtu alihesabu mara tatu. Tatizo ni maadili, siyo mashine.

MpigaHesabu
Mzee wangu, shikamoo, lakini tumwache mhasibu. Google na Facebook zilipigwa zaidi ya dola milioni 100 kati ya 2013 na 2015 kwa ankara bandia za mtu mmoja, Evaldas Rimasauskas, aliyejifanya kampuni ya vifaa waliyokuwa wakiilipa kweli. Alifungwa miaka mitano mwaka 2019. Wahasibu wao nao walisoma shule.
Kwa mleta uzi, kuhusu modeli. Tuseme mnapokea barua 10,000, za kitapeli 10. Modeli inakamata 9, ila inakosea kwenye moja ya kila 100 halali. Hizo ni kengele kama 100 za uongo. Mhasibu anaona tahadhari kama 109, za kweli 9. Muda si mrefu anazibonyeza bila kusoma. Ifunze kazi ndogo: iwake pale tu barua inapotaja akaunti mpya ya malipo, na ikiwaka mtu apige simu kwa namba mliyonayo tangu zamani, siyo iliyo kwenye barua.

Mshale_Butu
Nawaelewa, ila mambo yameshafika mbali. Kuna kampuni ina huduma tayari, blokcheni na akili mnemba pamoja, na bosi nimeshamwambia tunazindua Ijumaa. Kupiga simu siyo kitu cha kupeleka kwenye bodi.

Njiwa_Manga
Kampuni gani hiyo mkuu?

Sauti_ya_Pembeni
Hii ni chai. Akaunti mpya, Kiswahili kimenyooka, kampuni haina jina, na hapohapo anatokea Njiwa kuuliza jina. Kesho linakuja na linki ya punguzo. Mods, funga hili tangazo.

Njiwa_Manga
Mimi nimeuliza tu jamani.

KasukuBubu
Njiwa umekamatwa na modeli.

Mshale_Butu
Tangazo gani na jina sijataja? Sikuwatafuta mimi, wao ndio waliniandikia, siku chache tu baada ya tukio.

Fundi_Seva
Walijuaje?

MpigaHesabu
Na walikuomba nini?

Mshale_Butu
Jaribio la bure. Unabonyeza kiungo, unairuhusu programu yao isome na kutuma barua kwa niaba yako ili modeli ijifunze. Nimeruhusu sanduku langu tu, la mhasibu bado. Nenosiri sijampa mtu, mimi siyo mtoto.

MpigaHesabu
Hapo nenosiri hawalihitaji. Ruhusa ya namna hiyo mara nyingi hubaki hata ukibadilisha nenosiri.

Sauti_ya_Pembeni
Bado nasema chai, ila nimevuta kiti.

Fundi_Seva
Sasa hivi: fungua orodha ya programu za nje zenye ruhusa, iondoe hiyo, toa vifaa vyote kwenye akaunti. Kisha tazama kanuni za sanduku, zile zinazohamisha barua zenyewe. Usiwajibu hao watu.

Mshale_Butu
Nimeiondoa. Kuna kanuni inapeleka kila barua yenye neno "ankara" kwenye folda ya RSS, ile ya habari za tovuti. Sikuiweka mimi. Labda ndiyo wanayotumia kufunzia modeli?

Mama_Mapacha2
Jamani.

Fundi_Seva
Hiyo ni ya kukufichia majibu. Piga picha ya skrini kabla hujaifuta, tarehe ionekane. Kisha benki na bosi, leo, kwa simu.

Mshale_Butu
Benki sawa. Bosi niacheni hadi Ijumaa.

Njiwa_Manga
Kwa hiyo jina la kampuni halitajwi?