Acheni kutupigia debe Heart Like a Wheel kama filamu ya wanawake

Wakuu, nimechoka. Mtu akiuliza tu humu filamu ya mbio za magari yenye mwanamke kwenye usukani, lazima ajitokeze mtaalamu na Heart Like a Wheel ya 1983, eti ilitangulia wakati wake. Nimeirudia jana usiku na povu limenijaa, leo nalimwaga hapa hapa.

Filamu ni maisha ya dereva Shirley Muldowney; mnamjua au mnamsikia tu? Mama huyu katwaa mara tatu ubingwa wa Top Fuel, daraja la magari yenye kasi kuliko yote kwenye drag racing (mbio fupi za mstari ulionyooka), chini ya NHRA, chama cha mbio hizo kule Marekani: 1977, 1980 na 1982. Alipochukua wa pili, hakukuwa na dereva yeyote, mwanamume kwa mwanamke, aliyewahi kuutwaa mara mbili. Magari yenyewe enzi hizo yalikunywa nitromethane, mafuta makali ya mbio, na kumaliza robo maili kwa sekunde zisizofika sita. Halafu filamu inakwenda wapi? Kwa wanaume zake.

Inaanza kwa baba: mtoto kapakatwa, kashika usukani, mzee anakanyaga mafuta. Anafuata mume, ambaye mke akianza kung'ara yeye ananuna. Anafuata Connie Kalitta, mchepuko aliyegeuka fundi mkuu. Na kilele ni fainali anapomshinda Kalitta huyo huyo. Kweli alimshinda kwenye fainali, Indianapolis 1982, hilo sibishi. Ila wao wameifanya kilele ili ubingwa wake uishie kuwa ugomvi wa wapenzi walioachana.

Kinachoniuma ni kwamba walikuwa na dhahabu mkononi. Ili apewe leseni ya Top Fuel ilibidi madereva watatu wamwekee sahihi, na mwaka 1973 zikapatikana za Don Garlits, Tommy Ivo na Kalitta. Hebu fikiria: unajua kuendesha, gari lipo, halafu unazunguka na karatasi kuomba wanaume watatu wathibitishe kuwa unaweza. Hapo ndipo ilipo filamu nzima! Wao wanapagusa, haoo, wanarudi chumbani.

Bonnie Bedelia simlaumu, kacheza vizuri kuliko alivyoandikiwa. Mwongozaji mwanamume, mwandishi mwanamume. Na Oscar ikaiteua kwa kipengele gani? Mavazi. Nguo, wakuu! Gari linakimbia karibu kilomita 400 kwa saa, watu wanaangalia suti.

Halafu kuna huu ujanja wa kumfanya aonekane mwanamke pekee duniani. Shirley Shahan alishinda Winternationals, mashindano makubwa ya NHRA, pale Pomona mwaka 1966. Dereva Paula Murphy naye alikuwepo. Janet Guthrie kaingia Indianapolis 500, mbio maarufu za magari Marekani, mwaka 1977, mwaka ule ule Muldowney anabeba ubingwa wake wa kwanza. Hao wote hawana nafasi kwenye hadithi, kwa sababu ukiwaonyesha wengi itabidi ueleze waliwekewa vikwazo na nani. Ukimwonyesha mmoja, unapiga makofi na kwenda kulala.

Rangi ndiyo usiseme. Wahusika wakuu wote weupe, mwanzo mpaka mwisho. Na msije na ile ya "zamani ilikuwa hivyo". Miaka sita kabla, 1977, Hollywood hiyo hiyo ilishatoa Greased Lightning, Richard Pryor akiigiza kama Wendell Scott, dereva mweusi wa NASCAR, mbio nyingine za magari za Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 80 Cheryl Glass, binti mweusi wa Seattle, alikuwa anaendesha magari ya mbio kama kazi. Kwa hiyo walijua fika kwamba watu weusi wanakimbiza magari. Hawakuwataka kwenye picha.

Anayetaka kuitetea aje, uwanja wazi. Ila aanze kwa kunitajia mwanamke mwingine, hata mmoja, anayekimbiza gari kwenye filamu ile.