Nyumba ya mbao ya zamani upande wa Lac Vert: ninunue au niache?

MamaCherehani (Majengo, Goma)

Bandugu, habari zenu. Mimi ni mshonaji. Nina nyumba yangu hapa Majengo, watoto watatu, na majirani wawili: wa kushoto ana mashine ya kusaga mihogo, wa kulia ana kanisa lenye bafle (spika) nne. Toka mwaka jana naweka pesa pembeni nipate nyumba ya pili, ndogo tu, ya kwenda Ijumaa jioni na kurudi Jumapili, nikate vitambaa vyangu nikisikia mkasi peke yake.

Sitaficha, kuna sababu nyingine. Tarehe 22 Mei 2021 lava ya volkano ya Nyiragongo iliposhuka ikaishia Buhene, sisi tuliona anga lote limekuwa jekundu. Tarehe 27 asubuhi tukaambiwa tuhame. Nilitembea mpaka Sake, mtoto mgongoni, kichwa cha cherehani juu ya kichwa changu. Usiku tisa tulilala kwenye baraza ya watu. Niliapa kwamba siku nyingine nikikimbia, nitakimbilia kwangu.

Sasa komisioneri (dalali wa nyumba) amenipeleka kuona nyumba upande wa Lac Vert, lile ziwa dogo la magharibi ya mji. Ya mbao za karatusi, vyumba vitatu, imekaa juu ya mawe ya volkano, imepakwa oili chafu ya gari mpaka imekuwa nyeusi kama sufuria ya msibani. Parseli (kiwanja) ni meta 15 kwa 20. Mwenye nyumba ni muzee mmoja mpole sana, anaenda kuishi kwa mtoto wake Kisangani. Anataka dola 3200, na nahisi 2800 anakubali.

Nyumba ni ya zamani lakini safi! Ndani amepandisha vitanda juu ya matofali, vinanifika kiunoni, kama vya hoteli. Na kimya jamani. Hakuna kuku, hakuna mbuzi, hata mbwa sikusikia. Nilikaa saa nzima kwenye kizingiti, saa saba mchana, sikutaka kuondoka.

Manjanja (mabati ya paa) yana kutu, mlango wa nyuma haufungi. Karatasi aliyonayo ni fishi parselere tu, ile ya shefu wa karitye (mtaa). Mambo ya usalama msianze nayo, nayajua. Tungesubiri amani ndiyo tununue, Goma isingekuwa na nyumba hata moja.

Nipeni mawazo. Komisioneri ananipigia simu kila asubuhi, anasema kuna mtu mwingine anaitaka. (Daima kuna mtu mwingine.)

Kijana_Birere

Mama, nyumba ya mbao kwa dola 3200? Piga chini mpaka 2000, utanishukuru. Muzee anayesafiri ana haraka kuliko wewe.

FundiMbao_Ndosho

Mama, uzee wa mbao usikutishe. Lava ya 2002 ilipopita katikati ya mji, watu walijenga kwa mbao juu yake ilipopoa. Kuchimba msingi ndani ya makoro (mawe ya lava) ni kazi ya nyundo na pesa nyingi, na mbao ni nyepesi, zinahamishika. Nyingine za wakati ule nazitengeneza mpaka leo.

Nyumba ya mbao inakufa kwa miguu au kwa kofia. Chukua kisu chembamba, ingia chini ya nyumba, choma nguzo za pembe na zile mbao zilizolala juu ya mawe. Kisu kikiingia kama kwenye avoka, hapo mchwa au maji yamekwisha kula. Kikigoma, nyumba ina miaka mingine mbele yake. Kisha manjanja, angalia kwenye misumari. Upande ule moshi wa volkano unachanganyika na mvua, na mvua hiyo inakula bati kuanzia kwenye tundu za misumari. Bei ya kubadilisha yote uitoe kwenye hizo 2800. Oili chafu ni dalili nzuri, muzee alitunza mali yake.

Lakini nimesoma maneno yako mara mbili. Vitanda mpaka kiunoni. Hakuna kuku. Hakuna mbuzi. Nawaachia wakubwa waseme.

Muzee wa Mugunga

Fundi, umesema vizuri, ila futa hilo la kuingia chini ya nyumba. Upande ule mtu haingizi kichwa mahali asipopajua.

Binti yangu, hiyo ni mazuku. Hewa nzito inayotoka kwenye nyufa za udongo, haina rangi, haina harufu, inatiririka kama maji na kujaa kwenye mabonde. Mchana jua na upepo vinaitawanya, ndiyo maana komisioneri alikupeleka saa saba. Usiku na alfajiri inatulia. Mtu mzima anasimama anapumua bila shida, na mtoto anayecheza miguuni pake anaanguka. Mimi nilipoteza mbuzi wanne usiku mmoja. Niliwakuta wamelala kama waliosinzia, hakuna jeraha, hakuna povu mdomoni, na nzi waliowatua nao wamekufa juu ya manyoya yao. Toka siku hiyo sifugi kitu kifupi.

Muzee wako hajapandisha vitanda kwa ajili ya urembo. Amejifunza kuishi nayo. Wewe unapeleka watoto watatu.

Nenda alfajiri, siku isiyo na upepo, usiende peke yako. Funga mshumaa kwenye mwanzi mrefu, simama mahali pa juu, ushushe polepole. Ukizimika, usiiname kuangalia kwa nini. Watu wa OVG, kituo cha Goma cha kuchunguza volkano, wanajua sehemu hizo, waulize kabla ya kutoa hata franga moja.

Na hilo la kukimbia volkano, nisamehe nicheke kidogo. Lac Vert yenyewe ni kinywa cha volkano ya zamani kilichojaa maji.

Kijana_Birere

Mnamtisha mama wa watu. Kule batu banaishi, banazaa, banazeeka. Aweke vitanda juu kama muzee, basi.

MamaCherehani

Kijana, wa mwisho ana miaka minne. Naye nimweke juu ya matofali kutoka asubuhi mpaka jioni?

Muzee, aksanti. Mazuku nayajua kwa jina toka utoto, tulikuwa tunatishiwa nayo tusishuke kwenye mashimo. Sikuwaza kwamba yanaweza kuwa nyuma ya jiko la nyumba ninayoipenda. Nimekasirika, sijui nimkasirikie nani.

Dada wa Karatasi (Bukavu)

Mazuku siyajui, karatasi nazijua. Mama, fishi parselere ni mwanzo wa safari tu. Toka sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote ni wa Serikali. Mtu anapata haki ya kuutumia, na haki hiyo inashikwa na sertifika ya kuandikishwa. Bila sertifika, umenunua maneno ya muzee na sahihi ya shefu wa karitye. Muzee akifika Kisangani, watoto wake wengine wanaweza kukutokea na fishi yao. Kama utaendelea, majirani wa pande nne waje waoneshe mipaka, na watoto wakubwa wa muzee watie sahihi pamoja naye.

Lakini nina swali la kijinga. Nyumba na parseli lazima vinunuliwe pamoja? Huku Bukavu nimeona watu wakiuza mbao, milango na manjanja, mwenye udongo akabaki na udongo wake.

FundiMbao_Ndosho

Si la kijinga hata kidogo, huku kwetu ni kazi ya kila mwezi. Tunabomoa kwa kuhesabu, kila ukuta unapewa alama ya chaki, misumari inanyooshwa upya. Siku tatu, vijana wanne.

MamaCherehani

Nimerudi. Jumanne nililala kwa shemeji yangu Ndosho, saa kumi na moja na nusu nikawa kule na kaka yangu, mwanzi na mshumaa wa kanisa. Ukungu, hakuna jani lililotikisika. Mbele ya nyumba mwali ulisimama wima mpaka chini. Chumbani vivyo hivyo. Nikaanza kuwatukana ninyi wote moyoni.

Nyuma ya jiko udongo unashuka kidogo, ni mteremko ambao mchana sikuuona. Kaka alishusha mwanzi. Mwali ukafika usawa wa goti, ukawa mrefu na mwembamba, ukajitenga na utambi, ukapotea. Haukuyumba. Moshi wake ukalala chini kama kitambaa, haukupanda. Tukawasha tena, ukazimika palepale. Mara ya tatu kaka akakataa.

Muzee alikuwa amesimama mlangoni na blanketi mabegani. Akasema, "Nilijua anayetaka kweli atakuja alfajiri." Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema sikumuuliza, na kwamba komisioneri alimkataza kuongelea "mambo ya kienyeji." Kisha akanipa chai. Chai yenyewe nzuri, yenye tangawizi. Nilishindwa hata kugombana.

Kisu kilifanya kazi upande wa mbele: nguzo tatu ngumu, ya nne imeoza shibiri moja chini. Tumeongea. Mbao zote, milango, madirisha na vitanda, dola 900. Manjanja nimemwachia. Udongo unabaki wake, na ameniahidi mbele ya kaka yangu kwamba hatauzia mtu mwenye watoto. Sijui kama ahadi hiyo itafika Kisangani.

Dada yangu ana parseli Minova, udongo mwekundu, kuku wanazurura mpaka chini ya kitanda. Amekubali nisimamishe nyumba nyuma ya migomba yake, tutaandikiana hata kama ni damu moja. Dada wa Karatasi, nitakutafuta kwa hilo.

Fundi, swali: nyumba ya vyumba vitatu inaingia kwenye Fuso moja, au nijiandae kulipa mbili? Na vitanda, miguu yake ya matofali niibebe au niiache?