Naomba ushauri: nibaki kufundisha au nifuate utafiti wa kemia ya pareto?

Wakuu, shikamooni. Nina shahada ya kwanza ya kemia, nafundisha sekondari hapa Mbeya, huu mwaka wa 4. Kwetu tunalima pareto, na tangu utotoni nilijiuliza lile ua lina nini hata liue wadudu. Chuoni ndipo nikajua: ni pairetrini, molekuli 6 za jamii moja. Wanakemia Staudinger na Ružička walihangaika nazo miaka mingi, wakachapisha kazi yao mwaka 1924. Mwanga wa jua huzivunja upesi, na swali langu liko hapo hapo: mkulima akaushe vipi maua bila kupoteza nguvu ya dawa? Nikilifikiria hilo usingizi hauji.

Nimepata nafasi ya uzamili, ila ada sina, na mtoto ana mwaka 1. Mke wangu anasema niende.

Mliosomea kemia ogania, naombeni mnieleze kwa uwazi. Nijilipie kidogo kidogo au nisubiri ufadhili? Na sampuli za kupima kwa NMR (kipimo cha kuonyesha muundo wa molekuli) mlizipeleka wapi, kwa gharama gani? Natakiwa kujibu mwisho wa mwezi huu.