Nimeombwa kutoa ushuhuda Jumapili hii, naona ni kujikweza. Nikatae?

MwanaKwaya34 (mleta mada):
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka, leo Alhamisi na jambo lenyewe ni Jumapili.

Mimi ni wakala wa miamala ya simu, nina fremu karibu na stendi, mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini. Ni Mlutheri, naimba kwaya. Wiki iliyopita nilimrudishia mteja wangu, mzee anayefanya biashara ya viazi, shilingi 300,000 alizozidisha siku aliyoleta fedha kuweka. Mzee ni Mwislamu. Alitoa machozi pale dukani. Tangu siku hiyo kila anayekutana naye anamwambia, "Wakristo wa kweli bado wapo." Habari zimemfikia mchungaji, anataka nisimame ibada zote mbili niwasimulie washarika.

Moyo wangu mzito. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue unalofanya wa kuume. Nikisimama si nitakuwa nimejipigia tarumbeta? Nikikataa si nitakuwa nimemdharau mchungaji? Usingizi sipati.

MzeeWaMavuno:
Simama binti yangu. Mathayo 5:16, nuru yenu na iangaze mbele ya watu. Watu wamechoka kuhubiriwa, wanataka kuona. Mimi ni mzee wa kanisa mwaka wa 11 huu, nakwambia ushuhuda mmoja wa dukani unazidi semina tatu. Usimnyime Mungu utukufu kwa sababu ya aibu yako.

Kibatari:
Laki tatu! Mtaani kwetu wakala akizidishiwa buku mbili anahama mkoa. Dada simama, na huyo mzee umwalike, mchinje kuku.

DalaliMstaafu:
Umenikumbusha mbali. Mimi nimenunua viazi huko miaka tisa. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, lakini sisi tulikuwa tunashona lile la juu, lumbesa, mkulima analipwa gunia moja huku katoa moja na nusu. Na Jumapili nipo kanisani, nimevaa suti. Siku moja mama mmoja mkulima aliniona natoka ibadani akaniuliza, "Kumbe na wewe unasali?" Aliuliza kwa kushangaa kabisa, wala hakuwa na ubaya. Sikulala. Msimu uliofuata nikaanza kununua kwa mizani. Wenzangu walinicheka, na faida ilishuka kweli, sitakudanganya. Hakuna aliyeokoka kwa ajili yangu. Ila yule mama alianza kuniachia fedha zake nimtunzie mpaka arudi kutoka sokoni. Sikuwahi kulisema kanisani, na leo nalisema hapa kwa mara ya kwanza.

BintiWaPongwe:
Dada, mimi ni Mwislamu wa Tanga, amana naijua uzito wake. Nina swali dogo. Ulirudisha wiki iliyopita. Mzee alizidisha lini?

MwanaKwaya34:
Asanteni wote, hasa DalaliMstaafu, umenigusa. Dada BintiWaPongwe, ilipita muda kidogo. Ila swali langu ni hili la kusimama.

BintiWaPongwe:
Muda kidogo ni siku ngapi, dada yangu?

MwanaKwaya34:
Ilikuwa Novemba. Sasa tuko Machi. Najua mtakavyosema. Kodi ya fremu ilikuwa imefika, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, na mwanangu alikuwa anaanza kidato cha kwanza. Niliichukua kama mkopo. Moyoni niliweka nadhiri kwamba nitairudisha, na nimeirudisha yote, hata shilingi haikupungua. Wangapi wangerudisha?

MzeeWaMavuno:
Bado ni ushuhuda. Mungu huangalia mwisho.

FundiMizani:
Wakuu, tunanyweshwa chai hapa. ID imefunguliwa juzi, uzi wa kwanza ndio huu, una mzee wa Kiislamu anayelia, mchungaji na kwaya. Nimekuwa wakala miaka sita. Unahesabu mara mbili mbele ya mteja, yeye anapata meseji na wewe unapata meseji. Laki tatu inazidije bila mtu kuona? Mleta mada anatunga somo la Jumapili.

Kibatari:
Chai yenyewe ina tangawizi. Nipo na chapati.

MwanaKwaya34:
Sijatunga. ID ni mpya kwa sababu nina ile nyingine ambayo watu wa usharika wanaijua. Ilikuwa hivi. Mzee alisema anaweka milioni moja na laki mbili. Fedha zilifungwa kwa mipira, mafungu ya laki tatu tatu. Ilikuwa jioni, umeme umekatika, foleni imefika nje. Nilihesabu mafungu manne, nikafanya muamala, meseji ikaingia kwake, akaondoka. Wakati wa kufunga nikakuta fungu la tano kwenye droo. Yule kijana aliyebeba mfuko alikuwa ameyamwaga yote kaunta kwa pamoja, nikayakusanya kwa haraka.

FundiMizani:
Sawa, hiyo inawezekana. Nimeondoa neno chai.

BintiWaPongwe:
Kijana gani?

BintiWaPongwe:
Dada bado upo? Aliyebeba mfuko ni nani, na mzee alipokuta laki tatu haipo alimuuliza nani?

MwanaKwaya34:
Alikuwa kijana wake wa kazi, ana miaka 17 hivi. Mzee alimrudisha kwao Ludewa mwezi huohuo wa Novemba. Alimwita mwizi mbele ya watu sokoni.

Nililisikia. Nilisikia wiki hiyohiyo.

Naombeni mnielewe kabla hamjanirushia mawe. Fedha tayari nilikuwa nimelipa kodi, ningesema nini? Na nilipoirudisha nilimwambia mzee kwamba nimeiona nilipokuwa napanga madaftari ya mwaka. Ndiyo maana alilia, alidhani nimefukua mahesabu ya zamani kwa ajili yake. Sasa nikisema ukweli wote, yule mzee atasema Wakristo ni walewale. Jina la Kristo litatukanwa kwa sababu yangu. Kijana nimeshapanga kumtumia 100,000 kupitia kwa mama yake bila kusema imetoka wapi. Kutoa kwa siri si ndio unyenyekevu wenyewe?

MzeeWaMavuno:
Binti yangu, nafuta niliyosema. Usisimame Jumapili.

Mama_Watatu:
Mimi sijui maandiko mengi. Mwanangu aliwahi kuitwa mwizi wa simu shuleni. Simu ilipatikana baada ya siku mbili, lakini mpaka leo kuna mama hapa mtaani akimwona anashika pochi yake. Miezi minne, mama. Huyo mtoto analala na kuamka na hilo jina.

Mwinjilisti_Kijijini:
Dada, nakuandikia kama mdogo wako. Injili zote nne zimeandika Petro alivyomkana Bwana. Zote nne. Kanisa la mwanzo lingeweza kulificha hilo, lilindwe jina la kiongozi wao. Hawakulificha, wakalisoma mbele ya watu, na jina la Kristo halikuanguka. Zakayo naye alisimama mbele ya watu wakinung'unika akasema kama nimemnyang'anya mtu kwa hila namrudishia mara nne. Wewe unaogopa Kristo kutukanwa, lakini sifa unazopokea kwa mzee huyo ndizo zinazokaa juu ya mgongo wa mtoto. 1 Petro 3 inasema tujibu kwa upole na hofu, tukiwa na dhamiri njema. Nenda kwa mzee kwanza. Mchungaji baadaye. Washarika, ikibidi.

DalaliMstaafu:
Na ile laki moja ya siri usiitume bila jina. Mama yake atadhani mwanawe kaiba tena.

MwanaKwaya34:
Hilo sikuliwaza.

MwanaKwaya34 (Jumamosi, saa 2 usiku):
Nimetoka kwa mzee. Nilikwenda baada ya alasiri, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, sikuweza kukaa. Hakunigombeza. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Na yule kijana nimwambie nini mimi?" Kisha adhana ya magharibi ikasikika, akachukua kofia yake akatoka. Sijui kama atasema na mimi tena. Mchungaji nimempigia, akasema kesho niende nisali tu kama wengine, Jumatatu tuonane ofisini. Kwaya sitaimba.

Namba ya kijana haipatikani tangu jana. Ya mama yake sina.

Mama_Watatu:
Ludewa kijiji gani? Mume wangu ni wa huko, yupo nyumbani kwao wiki hii.

MwanaKwaya34:
Nimekuandikia faragha.