Mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia: haki ilipimwa kwa kipimo gani?

Mkaazi wa Lamu: Ndugu zangu, Kenya ilidai mpaka unyooke mashariki sambamba na mstari wa latitudo, ilhali Somalia ilitaka mstari wa kati, ambao kila nukta yake iko umbali sawa na pwani zote mbili. Hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya tarehe 12 Oktoba 2021 haikumpa yeyote alichokiomba. Je, majaji waligawa tu ili wasimuudhi mtu, au kulikuwa na hesabu?

Dira: Hesabu ilikuwepo. Kwanza huchorwa mstari wa kati wa muda, kisha huangaliwa kama ipo sababu ya kuusogeza, na mwisho maeneo yaliyopatikana hulinganishwa na urefu wa pwani ya kila nchi. Kenya ilishikilia tamko lake la mwaka 1979 kwamba mpaka ufuate latitudo, ikisema Somalia iliridhia kwa kunyamaza. Mahakama ya Kimataifa ya Haki haikushawishika. Ndani ya maili 12 za baharini mstari wa kati ulibaki, na kuanzia hapo ukasogezwa kaskazini, kwa faida ya Kenya.

Mchora Ramani: Kiini ni sababu ya kuusogeza. Chora kwenye karatasi pwani iliyobonyea kama ndani ya kifuu, uipange Somalia juu, Kenya katikati na Tanzania chini. Mistari miwili ya kati itazidi kukaribiana kadiri inavyoingia baharini, na wa katikati atabaki na kipande kilichochongoka kama ncha ya mkuki. Kisiwa cha Pemba kinazidisha kubanwa huko. Ujerumani ilibanwa vivyo hivyo baina ya Denmark na Uholanzi, katika shauri la Bahari ya Kaskazini lililoamuliwa mwaka 1969.

Bin Nahodha: Natofautiana kidogo. Kenya yenyewe ilikubaliana na Tanzania, mwaka 1975 na 1976, kufuata latitudo kupita Pemba. Mahakama iliyaweka kando mapatano hayo kwa kuwa Somalia haikuhusika nayo, lakini Pemba ikaingizwa mizanini. Kwangu mimi hapo pana ufa, na si ajabu kwamba sehemu ya hukumu iliyousogeza mstari ilipita kwa kura 10 dhidi ya 4.

Mkaazi wa Lamu: Ahsanteni. Nimechora, na ncha ya mkuki nimeiona. Kumbe mvuvi wa Kiunga, karibu na mpaka, ambaye mashua yake haitoki mbali na miamba, yumo ndani ya zile maili 12 ambako mstari haukusogezwa hata kidogo.